Siku moja na Selene kwenye banda langu la uchoraji Kondele, Kisumu

Saa kumi na mbili asubuhi nishafungua banda, watu wa boda ndio wanapanga pikipiki, chai iko kwa jiko na mimi nimesimama mbele ya plaiwudi ya futi nne kwa nane. Kuna dada wa Milimani anataka Selene, mungu wa kike wa mwezi wa Wagiriki wa kale, mtindo wa gothiki, ule wa makanisa ya kale ya Ulaya, kitu cha usiku kabisa. Nimeipenda hii kazi kuliko matatu zote nilizopaka mwezi huu.

Saa mbili nachanganya nyeusi. Wengi hudhani gothiki ni kumwaga nyeusi ya kopo, lakini hiyo ikikauka inakaa kama lami, imekufa. Mimi nachukua bluu ya altramarini na kahawia nzito, hapo unapata giza lenye kina, ukisogeza taa pembeni unaiona bluu imejificha chini.

Saa nne tao limekamilika, lile limechongoka juu kama ya makanisa ya kale ya Ufaransa, halafu kijana ninayemfundisha akachora mwezi umesimama wima kama herufi C, ameutoa kwa simu. Nikamuuliza, wewe umezaliwa hapa, mwezi mchanga ushawahi kuuona umesimama hivyo? Akafikiria. "La, mwalimu, hulala. Kama mtumbwi."

Ndio hivyo! Sisi tuko karibu sana na ikweta, jua huzama karibu wima, kwa hivyo mwezi mwandamo unaangazwa kutoka chini, lakini Ulaya jua hushuka kwa mshazari ndio maana wao huuona umeegemea upande. Na sasa sikia kitu kinachonifurahisha: Selene wa Wagiriki na Diana wa Waroma, wachongaji wa kale waliwawekea mwezi kichwani ncha zikiangalia juu, kama pembe za ng'ombe, na kuna michoro Selene mwenyewe anavutwa na ng'ombe. Huo ni mwezi wa Kisumu kabisa! Baadaye, mwishoni mwa enzi ya gothiki, wachongaji wa Ujerumani wakamsimamisha Bikira Maria juu ya mwezi huohuo, kwa ajili ya yule mwanamke wa Ufunuo sura ya 12 aliyevikwa jua, mwezi chini ya miguu yake. Umetoka kichwani ukashuka miguuni, na bado unatambulika.

Saa saba ugali na omena. Mama wa chakula anasema zimejaa sokoni, mwezi mpevu ulishapita. Wavuvi wanaziita kwa taa usiku, mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi.

Saa tisa mwenye kazi akaja, anataka pia ile alama ya mungu mwezi mwenye sura tatu, msichana, mama na ajuza. Nikamwambia, dada, Hekate, mungu mwingine wa kike wa Wagiriki, kweli alichongwa na miili mitatu akawekwa njia panda aangalie kila barabara, ameshika mienge, lakini hiyo ya rika tatu imeenezwa zaidi na mshairi Mwingereza Robert Graves mwaka 1948, si ya kale vile watu wanadhani. Akaangalia nje, magari ya Kondele yanakuja kila upande. "Basi nichoree njia panda."

Saa kumi nikaanza uso na hapo ndipo siku yote iliishia. Selene macho yake yanaangalia chini, kwa Endymion, kijana aliyempenda, aliyelala mlima Latmos bila kuamka, na kope ikizidi kidogo tu tayari anaonekana amekasirika, nimeifuta mara nne. Mwanga wa shavuni si mweupe mtupu, kuna tone la bluu na manjano kidogo sana, ncha ya brashi tu.

Saa moja jioni niko ufukwe wa Dunga, mitumbwi inaondoka na taa zake. Mwezi umelala juu ya ziwa. Nimenyoosha penseli nikapima, ncha ya kushoto iko juu kidogo kuliko ya kulia. Kesho naanza na hiyo.