Mwanya wa ukingo wa bwawa si wa kuzibwa na simenti

Juzi nimemaliza kazi kwenye bwawa la kuogelea la nyumba moja ya wageni hapa Iringa. Bwawa lenyewe limenizidi umri. Marumaru za bluu zinazozunguka usawa wa maji zilikuwa zinabanduka kila mwaka, na kila mwaka fundi anaitwa, anapachika, anaondoka. Baada ya salamu mwenye nyumba aliniambia jambo moja tu: "Mwanangu, safari hii nataka zikae."

Tulipunguza maji sentimita 40 hivi. Kulikausha lote sikukubali, maana bwawa tupu likizungukwa na udongo ulioshiba maji linaweza kunyanyuliwa kutoka chini likapasuka.

Kisha nikaanza kugonga. Nashika patasi, nagonga kwa mpini, marumaru moja baada ya nyingine. Iliyoshika inajibu kwa mlio mfupi, mkavu. Iliyoachia inalia kama debe. Upande unaopigwa na jua la mchana, karibu zote zilikuwa debe.

Hapo nikainua macho kwenye mawe ya ukingo. Kati ya mawe yale na sakafu ya nje panatakiwa mwanya. Nilikuta simenti, imeshindiliwa na kulainishwa vizuri kwa mwiko. Sasa Julai ya Iringa tunaijua: alfajiri vidole vinakufa ganzi, saa nane mchana jua linawaka kwelikweli. Sakafu ikipata joto inatanuka, na ikikosa pa kwenda inasukuma jiwe. Jiwe likisogea hata unene wa ukucha, marumaru iliyo chini yake inaachia. Masika maji yanapenya nyuma yake, yanamalizia.

Kuchimba ile simenti kulinichukua siku mbili. Sentimita tatu chini, patasi ikaacha kulia, ikazama. Nikatoa kitu cheusi, juu kikavu, ndani bado kinanata kidoleni. Lami! Waliojenga bwawa lile walijua mwanya unataka kitu laini. Aliyekuja baadaye aliona mwanya mchafu, akaupamba. Nikamwita kijana wangu aje aishike kwa mkono wake.

Marumaru nimezirudisha kwa gundi ya kuhimili maji ya bwawa, groti, yaani ujazo wa kati ya marumaru, nikaisubirisha siku mbili kwa sababu ya baridi. Mwanya nimeuacha milimita 12, nikaushindilia kamba ya povu lisilonyonya maji, ambayo niliiagiza Dar ikaja na basi. Sponji ya godoro usithubutu, inakunywa maji. Juu ya kamba nikajaza silanti ya poliyurethani, kizibio kinachobaki laini kama mpira, kina chake nusu ya upana. Kamba ile haipo kwa ajili ya kujaza nafasi tu: silanti inatakiwa ishike kuta mbili za pembeni, basi. Ikishika na chini, siku ikivutwa inachanika.

Jana mama mwenye nyumba alikuja, akainama, akaibonyeza kwa dole gumba. Ikabonyea, ikarudi.

"Mbona laini hivi?"

"Ndiyo kazi yake, mama. Sakafu ikitanuka ibanwe yenyewe, marumaru zipone."

Akabonyeza tena. Jumatatu tunarudisha maji.