Siku moja ya kuanika dagaa, kaskazini mwa Gombe

Saa 10 alfajiri. Naamka mitumbwi ikiwa bado ziwani. Mwezi haupo, ndiyo maana wanaume wamekesha huko na taa zao. Dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikitoka kazi husimama hadi giza lirudi. Natia ndoo na mabeseni kichwani, nawasha tochi, nateremka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki.

Kijiji chetu kiko mwambao wa Ziwa Tanganyika, kati ya Hifadhi ya Gombe na mpaka wa Burundi. Tumeungana na nchi kavu, lakini tunaishi kama watu wa kisiwani: mbele maji, nyuma mlima mkali, kusini hifadhi, na gari halifiki. Saruji, sukari, mwalimu mpya, vyote vinashuka kwenye boti. Mjamzito aliyezidiwa naye anaondokea hapo hapo.

Saa 11. Mitumbwi inaanza kuingia, miwili miwili iliyofungwa kwa miti, wavu katikati. Shangazi yangu, aliyenifundisha kazi hii, huingia majini hadi magotini kutazama dagaa kabla hawajashushwa. Akiona wamevunjika matumbo anatikisa kichwa, na mimi sinunui.

Bei hapa haikai. Mtumbwi wa kwanza unauza beseni kwa bei nzuri. Ikifika kumi kwa mpigo, beseni lile lile linashuka hadi mvuvi anataka kulia. Hana namna. Tajiri wa chombo anatoa kwanza gharama ya mafuta na chakula, kinachobaki ndicho wanachogawana wavuvi, na kila mmoja ana watu wanaomngoja nyumbani. Barafu hatuna. Dagaa mbichi ambaye hajapata jua mpaka saa 5 asubuhi ameshaanza kuharibika. Kwa hiyo mvuvi anauza alfajiri ile ile, kwa yeyote aliyesimama pale na pesa mkononi.

Mimi leo nimesimama na pesa ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wakati mwingine nachukua mali kwa mkopo, na anayekopa hapangi bei.

Saa 12 asubuhi. Boti ya abiria inaondoka kwenda Kibirizi, mwalo ulio jirani na mji wa Kigoma. Nampa kaka nahodha magunia niliyokausha juzi, naandika jina kwa kalamu ya wino mzito, namtajia mpokeaji. "Dada, mzigo wako nauweka juu, maji hayataufikia." Namwamini, maana hajawahi kuniangusha.

Saa 2 hadi saa 5. Hapa ndipo siku yangu ilipo. Zamani tuliwamwaga dagaa mchangani, mchanga ukaingia, mnunuzi akasaga meno na akakata bei. Halafu miaka hii ziwa likajaa, likameza sehemu kubwa ya ufukwe tuliokuwa tunaanikia. Tukapanda juu kidogo, tukajenga chanja: nguzo, miti, wavu wa matundu madogo juu yake. Upepo unapita juu na chini, kuku na mbuzi hawafiki.

Kuanika kunataka mkono mwepesi. Dagaa wakilaliana wanaiva kwa joto badala ya kukauka, wanageuka wekundu na kutoa harufu. Tunawatandaza mmoja mmoja kadiri tunavyoweza, watoto wa shule ya mchana wakitusaidia kwa muda. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, kwa hiyo rundo ulilolibeba kwa taabu asubuhi litakuwa dogo sana jioni. Mteja wa mjini anayeshangaa bei ya dagaa wa Kigoma angekaa hapa siku moja tu, angeelewa.

Saa 6. Kugeuza. Kisha ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, mawese ya michikichi yetu wenyewe. Nalala kidogo kivulini.

Saa 8 mchana. Wingu limeshuka mlimani. Tunakimbia wote, hata shangazi. Turubai tulizonazo zinafunika nusu ya chanja. Nusu nyingine tunazoa kwa mikono na kuingiza ndani. Masika mtaji mwingi hupotelea hapa. Leo yamenyesha manyunyu tu, jua likarudi.

Saa 10 jioni. Boti imerudi na mafuta ya taa, vitabu, mabati ya mtu, na bei zake. Kila mfuko wa saruji umeshalipiwa kupakia, nauli na kushusha kabla haujafika mlangoni. Mnunuzi wangu wa Kigoma anapiga simu. Mzigo umefika, ila anataka kupunguza bei kwa sababu dagaa wamejaa sokoni. Namwambia auweke, nitangoja. Ananyamaza kidogo, kisha anaongeza.

Miaka michache iliyopita nisingethubutu kusema hivyo, kwa kuwa nilikuwa nadaiwa.

Saa 1 usiku. Kikao cha kikundi, chini ya taa ya sola. Tunahesabu hisa, tunapokea marejesho, kisha linakuja jambo lenyewe: fedha za mwaka huu zinunue turubai au zijenge ghala?

Nilisimama nikawakumbusha mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mimi naunga mkono kulipumzisha. Samaki wetu wanaishi tabaka la juu tu, kule chini hakuna hewa ya oksijeni, na wataalamu wanaeleza kuwa maji ya juu yakizidi kupata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha dagaa kinapungua. Lakini miezi ile mitatu ilituonyesha jambo. Waliokuwa na dagaa wakavu ndani, mahali pasipo unyevu wala panya, waliuza kidogo kidogo kwa bei nzuri. Wengi wetu tulikuwa tumeshauza yote mwezi Aprili, kwa bei ya hasara, kwa kukosa pa kuweka.

Dada mmoja akasema mvua haingoji ghala, turubai zinahitajika wiki hii. Kweli kabisa. Tumekubaliana: turubai mbili sasa, fedha zinazobaki zinunue mabati na mbao za ghala, mawe ya msingi tutayabeba wenyewe kutoka korongoni. Kesho namuuliza kaka nahodha bei ya kusafirisha mbao kutoka Kibirizi, na shangazi atazungumza na serikali ya kijiji kuhusu kiwanja kilicho juu ya mstari wa maji.