Chumvi imezima mwanga wa kwinini

Leo jioni maabara, taa zote zimezimwa. Mirija miwili ya kwinini salfeti, chumvi ya kwinini, dawa ya malaria, yenye matone machache ya asidi ya salfuriki, chini ya taa ya urujuanimno.

Ikawaka buluu.
Buluu ile ya kukufanya unyamaze.

Kisha chumvi ya mezani, ncha ya kijiko, kwenye mrija mmoja.
Ukafifia papo hapo!

Kwinini haijaharibika. Ioni za kloridi, chembe zenye chaji zinazotoka kwenye chumvi hiyo, huipokonya molekuli nishati kabla haijaitoa kama mwanga. Kwa hiyo asidi ya haidrokloriki, yenye kloridi pia, haifai hapa.

Alkaloidi (kemikali ya mmea) hiihii ya gome la mkwinini, iliyotengwa mwaka 1820, huchochea kongosho kumwaga insulini. Sukari hushuka, ndiyo maana dripu yake huchanganywa na glukosi.

Nani aliwahi kuwekewa, masikio yakavuma?