Nilivyolala kwenye bembea Makete mwezi wa Julai bila kutetemeka

Nina kishamba cha miti ya paina Makete, kwenye mteremko mkali unaoishia mtoni. Kila kipupwe napanda kutoka Dar kwenda kupogolea na kusafisha barabara za kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka kabisa. Kazi yenyewe ni ya siku nne au tano, na kutoka shambani hadi kijijini ni saa nzima kwa mguu, kwa hiyo huwa nalala hukohuko. Hema lilinishinda mapema. Hakuna pahala tambarare, kila usiku nilikuwa nateremka taratibu hadi miguu inasukuma ukuta wa hema, na maji ya umande yanaingia kwa chini. Ndipo nikanunua bembea ya kulalia, ile ya kitambaa chepesi inayofungwa kati ya miti miwili.

Usiku wa kwanza kwenye bembea ilikuwa Julai 2021. Nilikuwa na begi la kulalia, blanketi mbili, sweta na mzula. Kifua kilipata joto hata nikafungua zipu. Mgongo na makalio yakawa kama nimelazwa juu ya maji ya mto. Saa nane nikashuka, nikapanda na kushuka mteremko mpaka kukapambazuka. Usiku wa pili nikaongeza blanketi la tatu, nikajifunika. Hali ikawa ileile.

Asubuhi akapita mzee anayenitunzia shamba.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umelalaje?”

Nikamweleza. Akainama, akapitisha kiganja chini ya kile kitambaa mahali nilipokuwa nimelala. “Unajifunika juu, baridi inakula kwa chini. Umeshaona kuku amelalia manyoya yake? Anayatunisha.”

Nilifikiria maneno yale kutwa nzima nikiwa na panga mkononi. Blanketi halina joto lake lenyewe. Kinachokupasha ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake, nayo inapashwa na mwili wako. Ukililalia, unalikandamiza na hewa yote inatoka, linabaki unene wa shuka. Kitandani hujui, maana godoro lipo. Kwenye bembea chini yako kuna upepo unaopita usiku kucha, na kila unapopita unaondoka na joto lako. Ningeweza kuweka blanketi kumi juu, mgongo ungebaki uchi.

Safari iliyofuata nilikuja na kipande cha sponji, unene wa sentimita tatu. Sponji inasaidia kwa sababu haikandamiziki kirahisi, na kwa mtu anayeanza ndiyo njia rahisi kuliko zote. Ila ilinisumbua: nikigeuka inateleza, na kwa kuwa bembea inakukunja mabega, mabega yakawa yanatoka nje ya sponji na kugusa kitambaa kitupu. Niliikata pana zaidi sehemu ya juu, ikawa afadhali. Bado niliamka mgongo umelowa jasho, na jasho likipoa saa kumi alfajiri utajuta.

Dawa niliyoipata ni duveti la mitumba. Nililinunua shilingi 15,000, jepesi, la kujaa. Nikashona vitanzi kwenye pembe nne na viwili katikati ya kila upande mrefu, nikafunga vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kisha nikalining'iniza nje, chini ya bembea, likiifuata bembea kama kivuli chake. Hulilalii, kwa hiyo linabaki limetuna. Mpira unavutika ukigeuka na kulirudisha mahali pake.

Kulikaza ndiko kwenye kazi. Mara ya kwanza nililikaza sana, likabanwa na uzito wangu, baridi ikarudi. Nikalilegeza, likaning'inia mbali, upepo ukapita katikati. Sasa nafanya hivi: nikishalala, napeleka mkono nje, nausukuma kati ya kitambaa na duveti. Kiganja kikipita kwa kusuguana kidogo pande zote mbili, basi. Kikipita bila kugusa kitu, nakaza. Nahakikisha pia ncha za kichwani na miguuni zimefungwa zikabana, maana upepo unapenda kuingilia hapo. Na ndani ya bembea nalala kimshazari, miguu kushoto, kichwa kulia, mwili unanyooka na mgongo wote unakingwa na duveti.

Turubai nalishusha chini sana upande unaotoka upepo. Mahali nako kuna habari yake: mwanzoni nilikuwa nafunga karibu na mto kwa ajili ya maji, bila kufikiri kwamba hewa ya baridi usiku huteremka na kutuama bondeni. Kupanda hatua mia moja tu kuliniongezea usingizi.

Mengine ni madogo. Nabadili nguo zote za kazini, hata kama naona zimekauka. Nakula ugali wangu kwa kushiba karibu na kulala. Nachemsha maji nikiwa bado kwenye uwanja uliofyekwa, nayatia kwenye chupa ya chuma yenye kifuniko madhubuti, naivalisha soksi na kuiweka mapajani. Pua na mdomo naviacha nje ya begi, kwa sababu pumzi inalowanisha kila kitu.

Moto chini ya bembea siwashi, na hili nalisema kwa uchungu wa mtu mwenye miti: majani makavu ya paina yakishika, shamba la jirani linaondoka pamoja na lako. Jiko la mkaa usiliingize kwenye hema au chini ya turubai lililofungwa pande zote. Moshi wake usioonekana umeshaondoka na watu waliokuwa wanatafuta joto tu.

Julai iliyopita kipimajoto changu kilisoma nyuzi 3 alfajiri. Nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Niliamka kwa sababu ya jogoo wa ng'ambo ya mto. Mzee alipofika nilikuwa bado nimejilaza humohumo. Akapitisha kiganja chini kama siku ile, akakiacha pale muda kidogo.

“Hili duveti,” akauliza, “linapatikana na Njombe mjini?”