Siku moja maishani mwangu: mpanga njia wa Kombe la Dunia la ukweaji

Ukitazama fainali ya ukweaji kwenye runinga utawaona wanane wanaopanda, utawaona waamuzi na washika kamba. Sisi wapanga njia hutuoni. Lakini kila kishikio kilichoko pale ukutani tumekifunga sisi, tukaamua kikae wapi na kielekee upande gani, na hivyo tukaamua wakweaji waulizwe swali gani usiku huo. Naipenda kazi hii kwa moyo wote, na leo nataka nikupitishe katika siku moja nzima: Jumapili ya Julai, Chamonix, Ufaransa, siku ya mwisho ya mashindano ya kamba, yaani kupanda njia ndefu ukiwa umefungwa kamba, na anayefika juu zaidi ndiye mshindi. Nusu fainali ni asubuhi, fainali ni usiku.

Saa 11 alfajiri

Nikiamka naanza na vidole. Navikunja na kuvikunjua taratibu, nasikiliza kano. Wiki nzima tumekuwa tukizijaribu njia wenyewe, na ngozi ya ncha za vidole imelika hadi inang'aa. Hakuna namna ya kulikwepa hilo, maana mpanga njia asiyepanda alichokipanga anakisia tu.

Baada ya vidole, anga. Ukuta wa Chamonix unasimama nje, uwanja wa Place du Mont-Blanc, katikati ya mji, milima imeuzunguka. Julai asubuhi huwa peupe kabisa, halafu alasiri mawingu yanajikusanya na radi inaanza. Utabiri wa leo ni huohuo.

Saa 12 na nusu asubuhi

Niko ndani ya kapu la kreni na spana mkononi. Njia za nusu fainali zilishafungwa jana usiku, kwa hiyo asubuhi hii ni ya kukagua. Kila kishikio kimeshikwa na bolti moja katikati, na pembeni kuna skrubu ndogo ya kukizuia kisizunguke. Napita kimoja kimoja kuanzia juu: nakaza, nakivuta kwa uzito wangu, napiga brashi, nashuka kwa kinachofuata.

Sababu ya uangalifu huu ni moja. Kishikio kikizunguka mkweaji akiwa juu, waamuzi wanaitangaza hitilafu ya kiufundi na mkweaji anaruhusiwa kupumzika na kuanza upya. Kwenye karatasi ni haki. Mwilini siyo, kwa sababu mikono iliyokwisha kujaa damu hairudi kuwa mipya kwa kupumzika kidogo. Mtu amejiandaa tangu majira ya baridi, amesafiri mabara matatu tangu Aprili, halafu bolti moja iliyolegea imharibie siku? Hapana. Nakaza tena.

Saa 2 asubuhi

Wakweaji wanaingia eneo la kutengwa. Simu zinaachwa mlangoni. Kuanzia hapo hadi zamu yake ifike, mkweaji haoni ukuta wala hasikii mwenzake kafika wapi. Kwenye mchujo mambo ni mepesi kidogo: kuna njia mbili, kuna video ya maonyesho, na unaweza kumtazama aliyekutangulia. Nusu fainali na fainali unapewa dakika 6 za kuichunguza njia kwa macho ukiwa chini, basi. Mengine utayajua ukiwa umening'inia.

Saa 4 asubuhi

Nusu fainali inaanza, wanawake 24 na wanaume 24, njia mbili zikipandwa kwa wakati mmoja. Kila mmoja ana dakika 6. Kila kishikio kina namba, na alama yako ni namba ya kishikio cha mwisho ulichokidhibiti. Ukikidhibiti cha 34 na ukaanza kabisa mwendo wa kwenda cha 35 kabla ya kuanguka, unaandikiwa 34 na alama ya kujumlisha. Hiyo alama ndogo imewahi kuwatoa watu fainali.

Nimeketi pembeni na daftari, naandika kila anayeanguka: namba, mkono gani ulifunguka, mguu uliteleza au nguvu zilikwisha. Watazamaji wanataka mtu afike kileleni. Mimi nataka waachane. Njia bora ya mashindano inawapanga watu kama ngazi: mmoja 22, mwingine 26, wengine 29, 31, 35, hadi mmoja anayefika juu au karibu na juu. Njia inayowaangusha kumi mahali pamoja imeshindwa kazi, hata kama mahali penyewe ni pazuri kupindukia. Sare zikitokea hurudi kwenye matokeo ya raundi iliyotangulia, na zikikataa kuvunjika hapo, kwenye saa. Mtu kwenda nyumbani kwa sababu ya mchujo wa juzi ni sheria, naiheshimu, ila mpanga njia mzuri haiachii sheria imfanyie kazi yake.

Jua linapanda. Wa kwanza walipanda ukuta ukiwa na ubaridi, mpira wa viatu ukishika vizuri. Kufikia saa tano vishikio vya juu vimepata joto na mikono inatoa jasho hata ukiipaka unga wa magnesia. Wanaoanza mwishoni ndio walioongoza mchujo, kwa hiyo jua linawaelemea walio bora. Hatuwezi kulisogeza jua. Tunachoweza ni kuzuia njia isitegemee mno kishikio kimoja laini cha kushikwa kwa kiganja, kile ambacho nyuzi chache za joto zinakigeuza kuwa kitu kingine.

Saa 6 na nusu mchana

Wanane wanane wamepatikana. Wao wanakwenda kula na kulala. Sisi tunaanza kubomoa.

Sehemu hii wengi hawaijui. Njia ya fainali ilipangwa siku kadhaa zilizopita, ikajaribiwa, ikarekebishwa, ikapigwa picha kila kona, kisha ikavuliwa yote. Kila kishikio kiliandikiwa namba kwa nyuma, kikachorewa mstari wa kalamu unaoonyesha kilivyoelekea, kikatiwa kwenye kreti kwa mpangilio. Sasa tuna saa chache kuirudisha ilivyokuwa. Kishikio kikipinda kidogo tu kuliko kilivyojaribiwa, ugumu wote wa sehemu ile unabadilika. Kwa hiyo drili mbili zinalia kwa pamoja, mmoja chini anasoma picha kwa sauti, wawili juu wanafunga, na hakuna anayepiga soga.

Saa 8 mchana

Tumefika kishikio cha 31 cha njia ya wanawake, na hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu kishikio hicho kimetunyima usingizi wiki nzima.

Kinatoka kwenye umbo kubwa la mbao la pembe tatu na kwenda kulia juu. Tulipokijaribu siku ya kwanza, mwenzetu mrefu alinyoosha mkono akakigusa miguu ikiwa imetulia. Mwenzetu mfupi ilibidi aruke, na kuruka pale, mikono ikiwa imechoka kwa vishikio 30, ni kucheza bahati nasibu. Kwa maneno mengine, sehemu ile ilikuwa inapima urefu wa mtu. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuongeza kikanyagio cha juu kwa ajili ya wafupi. Likakataliwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliolikataa: mrefu naye angekikanyaga na sehemu nzima ingekufa.

Tulichofanya ni kukigeuza kishikio chenyewe. Sasa ukikifikia kutoka mbali, mkono umenyooka, unapata upande wake mbaya unaoteleza. Ili kikushike lazima usogeze nyonga ukutani, upandishe mguu wa kulia hadi usawa wa kiuno na uingie chini yake. Mfupi anafanya hivyo kwa sababu hana njia nyingine. Mrefu anafanya hivyo kwa sababu ufikio wake haumsaidii tena. Wote wawili wanapimwa kwa kitu kilekile: nguvu ya nyonga na ujasiri wa kuuamini mguu.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya Agosti 2024. Fainali ya wanawake ya bolda (njia fupi zinazopandwa bila kamba) na kamba kwenye Olimpiki ya Paris, ukuta wa Le Bourget: Ai Mori wa Japani, mwenye urefu wa sentimita 154, alirukia mwanzo wa bolda ya kwanza tena na tena na hakuufikia. Akapata sifuri. Baadaye, kwenye kamba, akapata alama 96.1, nyingi kuliko mwanamke yeyote katika fainali ile, na bado akamaliza wa nne. Janja Garnbret wa Slovenia alistahili dhahabu yake, sina ubishi, na ufupi una faida zake pia kwenye vishikio vidogo na pembe za kubana. Lakini mwanariadha wa kiwango kile akishindwa kuanza, mimi mpanga njia sijajifunza lolote kuhusu uwezo wake. Kushindwa kwake kumenipa habari ya rula tu.

Tangu hapo kila nikisimama mbele ya sehemu ngumu najiuliza nani atakayeanguka hapa, na kwa sababu ipi. Jibu likiwa ni urefu, naifungua bolti.

Saa 10 alasiri

Radi kama ilivyotabiriwa. Paa la ukuta linafunika sehemu kubwa, ila upepo unasukuma mvua hadi vishikio vya chini. Taulo, vipulizia hewa, taulo tena. Inapita haraka, na baada yake hewa inapoa vizuri. Kwa msuguano, usiku huu utakuwa bora kuliko asubuhi.

Saa 12 jioni

Naharakisha hapa: ukaguzi wa mwisho, kuingiza karabina zote (vibanio vya chuma vya kupitishia kamba), waamuzi wanapewa ramani ya vishikio na namba zake, tunakubaliana kipi kinahesabika kimedhibitiwa vipi. Wakweaji wameshatengwa tena.

Pembeni yetu uko ukuta wa kasi, umenyamaza tangu fainali zake ziishe. Huo hauhitaji mpanga njia wa aina yetu: mita 15, umeinamia nje digrii 5, na vishikio ni vilevile dunia nzima, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana wao wana rekodi na sisi hatuna. Paris, Aleksandra Mirosław wa Poland alipanda kwa sekunde 6.06, na Veddriq Leonardo wa Indonesia akatwaa dhahabu kwa 4.75 dhidi ya 4.77 za Wu Peng wa China. Nauheshimu sana mchezo ule. Ila mimi nisingeweza kuishi na njia moja maisha yangu yote.

Saa 2 usiku

Taa zinawaka, uwanja umejaa hadi barabarani. Wanawake wanane wanatoka kuichunguza njia, na hiki ndicho kipande cha siku ninachokipenda kuliko vyote. Wana darubini. Wanainua mikono hewani, wanapanda kwa kufikirika, kulia, kushoto, kuvuka. Na wanazungumza. Washindani wa fainali ya Kombe la Dunia wanasimama bega kwa bega wanaulizana, pale juu wewe ungeshika kwa mkono gani? Mmoja anaonyesha kishikio cha 31, mwingine anatikisa kichwa na kunyanyua goti hadi kiunoni. Ameusoma mwendo. Nimesimama nyuma ya uzio, na moyo unanidunda kana kwamba ni mimi nitakayepanda.

Halafu wanaanza. Wa kwanza anateleza mguu kwenye 19, mapema mno, na uwanja mzima unaguna. Wa pili na wa tatu wanafika 28 na 30. Wa nne, mrefu kuliko wote leo, anafika kwenye umbo la pembe tatu, ananyoosha mkono, anakishika cha 31 kwa mbali, na kishikio kinamkataa. Anarudisha mkono. Anautikisa, anavuta pumzi, anapandisha mguu, anasogeza nyonga, anajaribu tena kwa njia sahihi. Anapita. Anaanguka kwenye 36 mikono ikiwa imekwisha kabisa, na hapo ndipo nilipotaka aanguke mtu wa aina yake: juu, kwa uchovu, baada ya kulifumbua fumbo.

Binti mfupi anayefuata anapita palepale kwa mwendo uleule, bila kusita. 39. Anayefunga fainali anafika 44 na alama ya kujumlisha, vishikio viwili chini ya kilele.

Wanaume wanapanda baadaye. Mmoja anafika kileleni, wawili wanafungana kwenye 41 na nafasi inaamuliwa kwa nusu fainali ya asubuhi.

Saa 5 usiku

Jukwaa la medali limeshaondolewa, sisi tuko na karatasi za matokeo juu ya kreti. Wanawake wanane, alama nane tofauti, na waliopita 31 ni warefu na wafupi. Kwa njia ya wanaume tunabishana muda mrefu zaidi. Kiongozi wetu anaona sare moja katika fainali inavumilika. Mimi naona kati ya 38 na 41 tuliwapa mapumziko wasiyoyahitaji, umbo ambalo wote waliweza kulikumbatia na kutikisa mikono, wakatoka pale wakiwa sawa. Ningeliondoa, au ningelishusha hadi 30.

Mashindano yetu yanayofuata, ya Koper, Slovenia, ni Septemba, na huko mwisho wa msimu wakweaji huja wamechoka tofauti na Julai: ngozi imekuwa ngumu, ila nguvu za ziada ni chache. Nimeandika pendekezo langu: mapumziko yawe mapema, theluthi ya juu isiwe na mahali pa kutulia, na hakuna mwendo wowote wa kunyoosha mkono tu kabla haujajaribiwa na mtu mrefu na mtu mfupi siku hiyohiyo. Kiongozi ameusoma ukurasa wote, ameweka alama kwenye mstari wa mwisho, na ameniambia tutaanza na huo.