Mlima ni high au tall?

Swali hili huzuka kila mara kwenye darasa langu la jioni hapa Majengo, Moshi, ninapowafundisha Kiingereza wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanaotaka kuwa waongoza watalii. Kiswahili hakina shida: mlima mrefu, mti mrefu, twiga mrefu, basi. Kiingereza kinakulazimisha uchague.

Tall hupima kitu chenyewe, kutoka kwato hadi pembe. High huuliza kiko juu kiasi gani, na kwa milima ni juu ya usawa wa bahari. Mauna Kea wa Hawaii una mita 4,207 tu juu ya bahari, lakini kitako chake kiko chini kabisa ya maji. Ukiupima kuanzia huko unapita mita 10,000. Kwa tall unaushinda Everest. Kwa high, Everest na mita zake 8,849 hauna mpinzani. Wetu, Kilimanjaro, nao ni 5,895 kwa high, ila hapa mjini tumeshapanda mita mia nane na zaidi kabla hata ya kufunga viatu. Wapo Waingereza wanaoandika tallest bila kujali. Kwa mgeni mimi nasema highest mountain in Africa, na mwanafunzi wangu naye atasema hivyo hivyo.

Kwenye big ndiko kwenye vituko. Kijana mmoja alimtambulisha kaka yake mkubwa kwa mgeni: my large brother. Kaka mwenyewe mwembamba kama fito! Big brother ni umri, large ni umbo. Mvua kubwa nayo ni heavy, lakini simu ikishakupa orodha ya visawe, vijana huokota neno refu kuliko yote, na mvua ya Machame inageuka kuwa colossal. Orodha humfaa anayeyajua maneno tayari. Asiyeyajua na asikilize kwanza neno hilo hutembea na nani.

Big Five, jina la wale wanyama watano maarufu wa mbugani, ndiyo usiiguse kabisa. Nyati yumo, twiga hayumo, kwa sababu wawindaji wa zamani walihesabu ugumu na hatari ya kumwinda mnyama kwa miguu, si kimo.

Juzi nikaulizwa: mbona nyumbu wa Serengeti wana Great Migration na tembo hana? Nikamjibu, nyumbu mmoja si great. Ni ule msafara wa zaidi ya milioni moja.