Nilivyoshona kwilti ya vitenge msimu wa matope Vermont

Kuna watu mmeniuliza ile kwilti niliyoweka status (lile blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, lenye pamba katikati) nimeinunua wapi, jamani sijanunua, nimeshona mwenyewe hapahapa shambani, mwezi wa tatu na wa nne, tena kondoo wakiwa wanazaa. Naandika nilivyofanya maana najua wengi mko huku majuu mna cherehani zimekaa tu chini ya kitanda na mifuko ya mabaki ya vitenge mnaona uchungu kutupa.

Kwanza muielewe hii miezi. Kalenda inasema majira ya kuchipua yanaanza tarehe 20 mwezi wa tatu, lakini huku Vermont, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, hiyo ni habari ya kalenda tu, nje theluji bado ipo, na ikianza kuyeyuka ndo balaa lenyewe. Udongo wa juu unalainika wa chini bado ni barafu, kwa hiyo maji hayana pa kwenda, yanakaa juujuu na barabara zote za vumbi zinageuka uji, gari linazama mpaka linalalia tumbo. Trekta huliingizi shambani, ukiliingiza unashindilia udongo na utalijutia mpaka mavuno. Kulima hamna, kupanda nje hamna. Watu wanasia nyanya na pilipili ndani dirishani kuanzia ile Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu wakati vijiji vinafanya mkutano mkuu wa mwaka, basi, unabaki kuangalia nje.

Ila usidhani umekaa bure. Usiku ukiwa chini ya sifuri na mchana ukapanda juu ya sifuri utomvu mtamu wa miti ya mepo (maple) unaanza kudondoka, na hapo hakuna kusema nitakusanya kesho, lazima uchemshwe. Lita kama 40 za utomvu zinatoa lita moja ya sirapu, ule uji mtamu kama asali, yani unachochea kuni mpaka usiku wa manane mvuke umejaa banda zima nywele zote zinanuka sukari. Na miti ikianza kutoa machipukizi ladha inaharibika, msimu umeisha.

Halafu kondoo. Sisi tunaishi kwa mama mmoja wa kizungu ana miaka sabini na kitu, mume wangu ndo anamsaidia kuendesha shamba, na madume huwa wanaingizwa kwa majike mwezi wa kumi na wa kumi na moja, piga hesabu miezi mitano, kuzaa kunaangukia hapo hapo kwenye matope. Usiku unaamka kila baada ya masaa kadhaa unavaa mabuti unaenda bandani na tochi. Ukikuta kamezaliwa unakausha, unachovya kitovu kwenye iodini, unahakikisha kamepata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, maana kasiponyonya mapema kanapoa na kakishapoa kurudisha ni shughuli. Ukirudi ndani usingizi umekata na baada ya muda mfupi unatakiwa urudi tena. Hayo masaa ya katikati ndo nilishonea kwilti.

Siri yenyewe ni hii, usishone kwa mpangilio wa mtu mwenye siku nzima. Mimi nilikata vitu VYOTE kwanza, kabla kondoo wa kwanza hajazaa. Nilichagua staili inaitwa Log Cabin, katikati kuna mraba na unazungushia vipande vyembamba mpaka bloku, yani mraba mmoja mkubwa wa kwilti, inajaa, nusu ya bloku rangi nyeupe nyeupe nusu rangi nzito. Mraba wa katikati nilikata inchi 2 na nusu, vipande vya kuzungushia upana inchi 1 na nusu, mizunguko minne, ukimaliza bloku ikishaungwa na wenzake inabaki inchi 10. Bloku 48, safu 8 za bloku 6, unapata kwilti ya inchi 60 kwa 80. Kila bloku ina vipande 17, kwa hiyo vyote 816. Najua inatisha ila ukishavikata na kuviweka kwenye ndoo za aiskrimu kwa urefu wake, kazi iliyobaki ni ya dakika kumi kumi, unaunga kipande kimoja, unapiga pasi, unaunga cha pili, kondoo akilia unaacha sindano ilipo unatoka. Ukirudi hata kama akili imelala mkono unajua kipande gani kinafuata.

Kukata nilitumia kile kisu cha gurudumu na rula ndefu ya plastiki. Mkasi utakutoa machozi kwa vipande 816.

Sasa vitenge. Hapa nisikilizeni vizuri. Kitenge kipya kina gundi na kinachuja rangi, hasa nyekundu na ile bluu ya usiku, ukishona bila kufua siku ya kwanza ukiosha kwilti yote inakuwa pinki. Fua maji ya baridi, rudia mpaka maji yatoke safi, kisha lowanisha kitambaa cheupe sugua, kikibaki cheupe endelea. Watu wanasema weka chumvi na siki, mimi sijaona tofauti yoyote. Piga pasi ndo ukate.

Shida ya pili ni kwamba vitenge vyote vinapiga kelele, Log Cabin inataka giza na mwanga, na kwa macho huwezi kujua njano kali iko upande gani. Piga picha kwa simu kisha iweke nyeusi na nyeupe, hapo utaona kitenge gani ni giza na kipi ni mwanga, nilishangaa njano nyingi zilienda upande wa mwanga na rangi za machungwa nyingine zikahamia gizani. Mwanga haukutosha, nikachukua mashati ya mume wangu ya shamba yaliyopauka mgongoni na kanga moja kuukuu ya mama yangu yenye mji mweupe. Ile kanga nilikaa nayo siku kadhaa siikati. Jina lake lilikuwa Haba na haba hujaza kibaba, na nilipoikata vipande vya inchi 1 na nusu herufi zikakatika vibaya, kwenye bloku moja karibu na mto wa kulalia utasoma JAZA KIB na kwingine pana miguu tu ya herufi haijulikani ni ipi. Mama mwenye shamba ndo anaipenda kuliko zote hiyo.

Ya mashati nilipata moyo kwa wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, wao walishonea nguo za kazi zilizochakaa, jinzi za shambani na viraka vya magotini vikiwa na rangi tofauti pale jua halikufika, na mwaka 2002 kwilti zao zikatundikwa makumbusho ya sanaa ya Houston, 2006 zikatoka mpaka kwenye stempu za posta Marekani. Basi mtu asikwambie lazima ununue vitambaa vipya vya dola 12 yadi.

Mshono ni robo inchi, usicheze na hapo. Kwa upana wa bloku una mishono 8 na kila mshono unakula pande mbili, ukizidisha hata 1/16 ya inchi tu kila mshono bloku inapungua inchi nzima na haitakutana na mwenzake. Mimi nilibandika ukanda wa plasta kwenye bati la cherehani niwe naufuata. Mama yangu ni fundi Njombe, miaka yote anashonea macho, nilipomwonyesha kwa video akacheka.

"Shikamoo mama, ona hapa."
"Marahaba. Mwanangu, hayo matambara ndo mnalalia huko Marekani?"
"Mama, subiri iishe."
"Haya nasubiri, lakini pasi umepiga vizuri."

Bloku zikishaisha kuna kuzipanga, na hapa ndo utamu, unazitandaza sakafuni unazigeuza geuza, bloku zilezile zinatoa picha tofauti kabisa. Kuna mpangilio wa almasi zinazokua kutoka katikati wanauita kusimamisha banda, na kuna wa mistari ya mshazari ya giza na mwanga unaitwa mtaro ulionyooka, hizo ni lugha za wakulima wa zamani. Nilichukua mtaro, maana shamba lenyewe nilikuwa naliangalia dirishani siruhusiwi hata kulikanyaga.

Kwa chini nikaweka marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kinauzwa kipana inchi 108 kwa hiyo hakuna kuunga. (Karne ya 19 hiki kitambaa kilitoka viwanda vya hapa jirani Massachusetts, meli za Salem zinakipeleka mpaka Unguja. Leo nakinunua kimetoka Asia.) Kinyooshe sakafuni, kibane na selotepu, tandaza pamba ya katikati, kisha uso juu, ukamate zote tatu kwa pini za nepi kila nafasi ya kiganja, ukianzia katikati kwenda nje. Kushona tabaka tatu kwa mguu wa kawaida wa cherehani kitambaa cha juu kinasukumwa kinakunjamana, kuna mguu unaotembea unavuta juu na chini pamoja, nunua huo. Nilifuata mistari ya mshazari tu, hamna maua. Angalia pia paketi ya pamba imeandika mistari iachane umbali gani mwisho, ukizidisha pamba inajikusanya ndani.

Pindo la kuzungushia nilipiga mashine upande wa mbele, nyuma nikashona kwa mkono, na hiyo kazi niliipeleka bandani kabisa, nimekaa juu ya robota la nyasi, miguu imefunikwa na kwilti yenyewe, tunamsubiri jike mmoja mzito aliyetuchelewesha. Akazaa mapacha pindo likiwa limebaki upande mmoja. Na ndiyo, ina doa la iodini pembeni, halitoki.

Kuna jirani kaiona akatoa ofa ya dola 150. Nikamwambia kwa heshima zote pamba na marekani peke yake vimekaribia nusu ya hiyo, akacheka, nami nikacheka, tukaachana hapo.

Sasa hivi njegere na vitunguu vimeshaingia ardhini, cherehani imefunikwa mpaka baridi irudi. Ila mama kule Njombe kashabadilisha maneno, anataka yake, kubwa kuliko hii, na kashawaambia mafundi wenzake wasitupe mabaki, wanamwekea kwenye kiroba. Nimemwambia atume ya rangi nyeupe nyeupe, mekundu ninayo ya kutosha.